Santuri Kumi na Moja na Uzi wa Bandi

3 Februari

Wifi yangu Bi Harusi,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimetulia, au bado unakohoa kila ukipanda ngazi za ofisini? Mimi sijambo, isipokuwa goti la kulia limeanza kudai haki zake, na ndilo goti la kukanyagia cherehani. Nimeliambia lingoje foleni. Nina sare ishirini na mbili za wauguzi zinazotakiwa Ijumaa.

Najua umevuta mdomo kwa kuitwa Bi Harusi. Utazoea. Gauni lile nililishona mimi, mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake kwa upana wa kidole, na miaka kumi na tisa hakuna aliyegundua mpaka leo ninapokutobolea siri.

Santuri ya mwezi huu ndiyo hiyo. Kaka, Mungu amrehemu, aliiita Mwavuli kwa sababu ya picha ya jalada, maana jina lenyewe hakuna aliyeweza kulitamka bila kujiuma ulimi. Ni ya zamani, ya wale vijana wanne wa kinanda na filimbi. Upande wa kwanza una wimbo mmoja tu, dakika ishirini na moja. Unakumbuka alivyowajibu watu waliolalamika kwamba nyimbo zake haziishi? "Na wewe ukianza habari za mkweo, huwa unamaliza lini?"

Hii ni ya kumi na moja tangu mumeo atuache. Nayashika masharti yake mpaka leo: kasha la santuri ni letu sote wawili, mimi nikae nalo, kila mwezi nikupelekee santuri moja na barua ya mkono, si simu. Na mtu asifungue mdomo kabla ya kuisikiliza mara tatu, tangu mwanzo hadi mwisho, amekaa. Roki hii ndefu ya progresivu haisikilizwi huku unaosha vyombo.

Ukiitoa, ule uzi mweupe wa bandi, mshono wa muda, kwenye mdomo wa bahasha ya ndani ukate kwa wembe, usiuvute. Nimeupitisha kama kawaida ili santuri isichezecheze njiani.

Nangoja neno lako. Huku sina mwingine wa kuzungumza naye mambo haya. Wateja wangu wakisikia mapigo yamevunjika wanadhani mashine imeharibika.

Wifi yako,
Fundi


17 Februari

Fundi, wifi yangu wa pekee,

Pokea salamu zangu za mapenzi. Kifua kimepona, asante kwa kuniuliza. Pole na goti, na usilionee. Likilala chini na sare zitalala.

Mwavuli niliipata Jumatano, na hadi Jumapili nilikuwa nimeshaisikiliza mara tatu kama alivyoagiza marehemu. Wifi, nimelia. Kile kinanda! Ile safari! Yaani unaingia mtu mmoja, unatoka mtu mwingine. Jalada nimelipanga kwenye rafu ya hapa redioni pamoja na yale mengine kumi, na kila anayepita anasimama kuangalia.

Lakini mwenye masikio ni wewe, mimi ni mfuasi tu. Niandikie kirefu, hasa ule wimbo mrefu, dakika kwa dakika, kama ulivyonifanyia kwa zile santuri za Mnara na Farasi. Usiruke kitu. Na kama yule muuguzi mteja wako amekuletea za siku hizi, niandikie pia, watu wanapenda kusikia mapya. Ikifika kabla ya katikati ya Machi nitashukuru sana.

Mimi bado niko chumba kilekile cha matangazo ya biashara. Sabuni asubuhi, dawa ya meno mchana. Barua zako ndizo zinaniokoa.

Wifi yako,
Bi Harusi


1 Machi

Wifi yangu,

Nakusalimu kwa moyo mweupe. Goti na mimi tumefikia mapatano. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa hiyo kisheria naruhusiwa kuijibu. Uliposema umelia, nilisimamisha cherehani. Nilijiambia, basi bado tuko watatu.

Haya, dakika kwa dakika. Dakika tatu za kwanza ni filimbi peke yake. Sikiliza mpigaji anavyovuta pumzi kabla ya kila sauti. Hawakuifuta ile pumzi, na wangeifuta ningewachukia. Kisha gitaa la besi linaingia kwa chini, kama jirani anayeburuta meza. Hapo ndipo mapigo yanakuwa saba. Wengine huhesabu kwa vidole, mimi nahesabu kwa mguu. Kanyagio la cherehani linataka mbili mbili, vidole na kisigino, vidole na kisigino. Yakiwa saba mguu unabaki ukining'inia, na duru inayofuata unajikuta umeanza na kisigino. Ukishona pindo mshono unayumba. Niliwahi kuharibu suruali ya mkaguzi wa shule kwa sababu ya wimbo huu, naye akaivaa hivyohivyo akidhani ni mtindo.

Sasa dakika ya kumi na moja. Vyote vinanyamaza, kinabaki kinanda. Kinapiga kipande kifupi kinachopanda na kukataa kutua. Unasubiri kitue, kinarudi mwanzo. Unasubiri, kinarudi tena. Mara tano, wifi! Kama mgeni anayeaga, akafika mlangoni, akageuka kuaga upya. Mtunzi mwingine angethubutu? Mara ya tano ngoma zinaingia na mlango unafungwa. Kila tulipofika hapo kaka alikuwa akiangalia dirishani na kutabasamu. Siku ya mwisho aliyoweza kukaa kitini tulisikiliza hii hii, na aliinua vidole kimoja kimoja mpaka vikatimia vitano. Nikasema moyoni, aliyetunga hapa alijua habari za kuagana.

Kwa upande wa mapya, muuguzi ameniletea albamu ya dada watatu. Jaladani kuna nyumba ya vioo, kwa hiyo jina lake ni hilo. Wimbo wa kwanza una dakika kumi na saba na unaanza na mlio wa mashine ya kufulia. Usiukimbie, baada ya dakika ya nne utanishukuru. Wamejifunza kwa wazee lakini hawakuwabeba mgongoni. Kasoro yake ni wimbo wa mwisho: umepigwa pasi mno, hauna hata kunyanzi moja. Wewe anza na wa tatu.

Niambie ulisikia nini pale penye mara tano. Hapo ndipo nakungoja; santuri ya kumi na mbili nitaituma nikipata jibu lako.

Wifi yako,
Fundi


2 Aprili

Wifi,

Salamu. Natumaini u mzima. Mimi mzima wa mwili tu.

Umeniponza. Uliniandikia kwamba kile kipande cha kinanda kwenye Mwavuli kinarudi mara tano. Nimekisema hewani Jumapili, nikakisifia, nikauliza mtunzi gani mwingine angethubutu. Sasa msikilizaji mmoja, mwalimu mstaafu, amemwandikia mkuu wangu kwamba kinapigwa mara moja tu, na kwamba mtangazaji huyu hajawahi kuisikia albamu anayoisifu. Mkuu ameniita mbele ya watu. Miezi kumi ya kipindi, sijaumbuka namna hii.

Nakuomba siku nyingine uhakikishe kwanza kabla ya kuandika. Na unijibu haraka hiyo tano uliitoa wapi, nipate la kusema Jumapili.

Wifi yako,
Bi Harusi


12 Aprili

Wifi,

Salamu, na afya yako pia. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Kipindi gani?

Redio yenu huku haishiki, unajua hilo. Muuguzi ana dada yake huko, akamuuliza. Kumbe kila Jumapili saa kumi jioni kuna mama mwenye sauti ya asali anayezungumzia roki ndefu, za zamani na za sasa, na anahesabu mapigo kwa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Wifi, wewe cherehani umeigusa lini? Kifungo kikikatika unanitumia shati.

Dada yake ametuma vipindi viwili. Nimejisikia nikiongea kwa sauti yako. Pumzi ya filimbi ipo, mgeni anayeaga yupo, jirani na meza yake wapo, hata mkaguzi wa shule na suruali yake. Hukusema "wifi yangu aliniandikia". Hukusema hata "kuna mtu mmoja". Ulisema "mimi". Mtu anaibiwa, halafu mwizi anakuja kumlalamikia kwamba mali ilikuwa mbovu! Sijapata kuona.

Kuhusu tano, mwalimu wako yuko sahihi. Muuguzi amenitafutia nakala safi kwenye simu, na kipande kile kinapigwa mara moja kikapita. Santuri yetu ina mkwaruzo, wifi. Sindano inateleza nyuma mara nne kabla ya kuuvuka. Miaka yote hiyo nimeusifia mkwaruzo. Sasa najua kaka alikuwa akitabasamia nini pale dirishani: alijua, akaniachia utamu wangu. Nilicheka mpaka muuguzi akanishika bega, kisha nikalia.

Lakini nisaidie kwenye hili. Santuri yenye mkwaruzo iko kwako tangu Februari, na ulisema umeisikiliza mara tatu. Sasa inakuwaje uniulize mimi tano niliitoa wapi?

Wifi yako,
Fundi


25 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na unyenyekevu. Goti linaendeleaje? Nimeingoja hasira yako ipoe kidogo ndipo nishike kalamu.

Ni kweli, nina kipindi. Mkuu alikuwa akitafuta wa kujaza saa moja ya Jumapili, nikamwambia habari za kasha la marehemu, akapenda. Nilitaka kikue kwanza ndipo nikushtukize kwa furaha. Redioni hakuna nafasi ya kusema fulani kaniambia, fulani kanieleza. Msikilizaji anataka mtu mmoja anayejua. Na maneno yale si ya mtu mmoja, wifi. Tumekula chungu kimoja miaka kumi na tisa. Yako ni yangu, yangu ni yako.

Kuhusu mkwaruzo, mashine yangu ni mpya na sindano yake ni nyepesi. Inauruka bila kurudi nyuma. Mimi nilisikia mara moja, nikadhani nimekosea kuhesabu, nikaamini masikio yako kuliko yangu. Namwapia marehemu mume wangu, zote kumi na moja nimezisikiliza, kila moja mara tatu, nimekaa.

Usinihukumu kwa jambo moja.

Wifi yako,
Bi Harusi


6 Mei

Wifi,

Salamu. Goti lina nafuu, moyo ndio unaochechemea.

Umemtaja kaka, na mimi mtu akimtaja yule huweka mkasi chini. Sindano nyepesi inaweza kuruka mkwaruzo, hilo nakubali. Muuguzi ananiambia niachane nawe. Nimemjibu kwamba wifi haachwi, hii si ndoa yenye talaka.

Maneno yangu ningekupa kama ungeomba. Ningekaa hata na kamusi. Kilichoniuma si redio. Nimekaa mwaka mzima nikiamini kwamba Jumapili moja kila mwezi, kwenye chumba chako, kuna mtu anasikiliza ninachosikiliza. Kama hilo ni kweli, mengine yatapita.

Nirudishie santuri zote kumi na moja. Nataka kuziona.

Wifi yako,
Fundi


20 Mei

Wifi yangu,

Salamu tele. Nashukuru kwa barua yako ya upole, imenirudishia usingizi. Nimezikabidhi zote kumi na moja ofisi ya vifurushi, nimezipanga mwenyewe kwenye boksi na magazeti katikati. Utaona nilivyozitunza. Hazina hata alama ya kidole.

Wifi yako,
Bi Harusi


2 Juni

Wifi,

Salamu. Boksi limefika salama.

Nimezipanga kwenye meza ya kukatia, moja baada ya nyingine. Ulisema kweli, hazina alama ya kidole. Majalada yamefifia kidogo upande uliokuwa ukielekea dirishani, nadhani ndiyo rafu uliyonieleza. Kisha nikafungua majalada na kutazama ndani.

Santuri ya kwanza, uzi umekatwa. Ya pili uzi upo. Ya tatu upo. Nikaendelea hadi ya kumi na moja. Upo, mweupe, na fundo langu mwishoni, lile la kuzungusha mara mbili. Mashine yako kweli ni mpya, wifi. Inapiga santuri ikiwa ndani ya bahasha.

Habari za uzi ule nilikuandikia katika kila barua niliyotuma na santuri. Ukate kwa wembe, usiuvute. Mara kumi na moja. Kwa hiyo hata barua hukuzisoma zote. Ulikuwa ukiruka salamu, ukiruka goti langu, ukiruka uzi, ukitafuta pale panapoanza maneno ya Jumapili.

Nimeumia. Nimetafuta methali ya kulisema nimekosa. Mwaka mzima nimezungumza na ukuta, na ukuta ukanijibu kwamba umelia. Tena ukamwapia kaka. Ungeniapia mimi, ungeapia kifua chako, ungeapia chochote. Kwa nini umwapie yeye?

Fundi


30 Juni

Wifi,

Sijui nianze vipi, kwa hiyo naanza na salamu. Natumaini unakula.

Nimeandika barua hii mara sita. Zote nilizichana kwa sababu zilikuwa nzuri mno. Hii ni mbaya, ndiyo ninayoituma.

Sipendi muziki ule. Sijawahi kuupenda hata siku moja. Unanichosha. Nikidhani wimbo umeisha, unaanza upya na filimbi. Niliolewa na mtu anayeupenda, nikampenda mtu, nikakaa nao kama unavyokaa na kikohozi cha mumeo. Alipofariki ukanitumia ile santuri ya kwanza, nikaukata uzi, nikaiweka. Zilipita dakika mbili nikaitoa. Nyumba ilikuwa imejaa yeye, na yeye hayupo, na kilichobaki ni kile kinanda nisichokipenda. Sikuweza tena.

Ningekwambia, lakini barua zako zilikuwa na furaha. Nikakuandikia "nimelia" mara ya kwanza, na ilikuwa kweli, kwa sababu nyingine. Mara ya pili ikawa uongo. Kisha kikaja kipindi. Watu wakaanza kunisalimia ngazini. Miaka tisa ya kusoma matangazo ya sabuni, wifi, hakuna aliyekuwa akijua sauti yangu ni ya nani.

Nimemwomba mkuu nikiache. Amenipa Jumapili moja ya mwisho, tarehe nne Agosti. Siku hiyo nitawaambia wasikilizaji ukweli: kwamba maneno yote ni yako, fundi cherehani, mdogo wake mume wangu. Naahidi. Sitaapa, sina tena wa kumwapia.

Nisamehe ukiweza.

Wifi yako, kama bado,
Bi Harusi


14 Julai

Wifi yangu,

Hujambo? Unalala? Usipokula kifua kitarudi, unajijua ulivyo.

Barua yako mbaya ndiyo barua nzuri ya kwanza kuipata kutoka kwako. Bado nina hasira, usidhani zimekwisha. Lakini kuna jambo nimekaa nalo tangu kaka afariki. Aliniambia nisikwambie. Naona sasa nikilinyamazia nitakuwa nakudanganya nami.

Alijua.

Aliniambia, "Yule hapendi muziki huu hata kidogo. Lakini huleta nguo zake za kupiga pasi chumbani nilipo, anapiga pasi mpaka upande uishe. Nguo zikiisha, huzikunjua akaanza upya. Mwache, asijue kwamba najua." Alikuwa akikuona, wifi. Akiona umechoka, huweka upande mmoja tu, kisha husema kichwa kinamuuma, anataka kimya. Kichwa hakikuwa kikimuuma. Wiki zake za mwisho alisikiliza upande mmoja kwa siku, na mimi niliyekuja kwenu kumuuguza nilidhani ni ugonjwa, mpaka aliponiambia, "Amesinzia na pasi mkononi, atajiunguza."

Nilimuuliza kuhusu kasha. Nilisema, kaka, mkeo hapendi, niachie mimi moja kwa moja, kwa nini nisumbuke kutuma? Akacheka. Akasema, "Nikimpa mmoja wenu, mtaandikiana nini?"

Kwa hiyo hukuhitaji kunidanganya. Ungeandika, "Wifi, sipendi, nieleze habari za goti," ingetosha. Ndicho alichokuwa akikitaka yule bwana. Ningekuandikia kuhusu vifungo.

Tarehe nne nimemwomba muuguzi aniletee kipindi. Nitakaa kwenye kiti cha kaka ulichoniachia, nikisikilize. Ukishasema ulichoahidi, tuanze upya. Safari hii utanitumia wewe kitu unachokipenda, hata kama ni nyimbo za dakika tatu. Nitavumilia. Nitaleta nguo za kupiga pasi.

Wifi yako,
Fundi


9 Agosti

Mtangazaji,

Salamu.

Kipindi nimekipata. Nimekisikiliza mara tatu, tangu mwanzo hadi mwisho, nimekaa.

Umesimulia nguo zilizokunjuliwa zikapigwa pasi upya. Umesimulia kichwa kisichouma, na upande mmoja wa santuri, na kusinzia na pasi mkononi. Umesema uligundua mwenyewe kwamba anajua, kwa jinsi alivyokutazama. Umesema siku za mwisho alikushika mkono akakwambia, "Nikimpa mmoja wenu, mtaandikiana nini?" na ukaeleza kwamba alimaanisha wewe na wasikilizaji wako. Watu wamepiga simu wakilia. Mkuu wako amesema hewani kwamba kipindi hakiondoki, kimeongezewa nusu saa.

Fundi cherehani sikumsikia. Katika kipindi chako kaka hakuwa na dada.

Kasha linabaki huku. Nyuzi nimezikata zote kumi, na leo nimeanza na ile ya pili.

Barua hii nimeifanya fupi, isije ikatosha kipindi.

Dada wa marehemu